Mateka Thelathini na Mmoja wa Hadubini

Kwenye dirisha la maabara ya zahanati, pale wagonjwa wanapopitisha kidole ili kitobolewe, pamebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: HAKUNA DAWA BILA KIPIMO. Aliyeiandika ni mpimaji mwenyewe, na neno "bila" alilipigia mstari mara mbili kwa sababu siku hiyo alikuwa na hasira. Wenzake kazini wanamwita Hadubini, kwa ile mashine ya kukuzia vitu vidogo ambayo ameiinamia miaka ishirini na sita, mpaka jicho lake la kushoto hujifumba lenyewe hata akitazama mpira kwenye televisheni.

Asubuhi moja fundi mpaka rangi wa nyumba alifika dirishani, bwana mnene, kofia imejaa madoa meupe. Alitaka dawa ya malaria, basi.

"Nipe kidole," akasema Hadubini.

"Kidole cha nini? Homa yangu naijua mwenyewe. Tangu utotoni huwa inaanzia magotini."

"Magoti hayana hadubini. Nipe kidole."

Kidole kikatolewa shingo upande. Tone likapakwa kwenye kioo, kioo kikawekwa chini ya lenzi, na baada ya nusu saa hakukuonekana mdudu hata wa dawa. Mpaka rangi alikuwa na mafua tu. Hapo Hadubini akamhutubia dakika tano nzima kupitia kidirisha, foleni yote ikisikiliza, juu ya watu wanaomeza vidonge kwa kukisia kama wanaocheza bahati nasibu. Alihutubia vizuri sana. Mama mmoja kwenye foleni alitikisa kichwa akasema, "Huyu kasoma, huyu."

Kumbe nyuma ya jiko la huyuhuyu aliyesoma kulikuwa na ndoo nne za rangi zilizotobolewa chini. Tatu zilikuwa na miche ya pilipili iliyojikunja majani kama watu wenye tumbo la kuuma. Ya nne ilibaki udongo mtupu. Na hadi asubuhi hiyo alikuwa ameshaitibu miche hiyo magonjwa matatu tofauti, na kipimo hakuna hata kimoja.

Mganga hajigangi, wanasema wahenga. Hadubini akisimulia siku hizi huongeza: "Wala pilipili hazigangi."

Uchungu ni kwamba pilipili zenyewe hazikuwa zake. Zilikuwa za mama mkwe. Ni pilipili fupi, za njano, zenye makunyanzi kama uso wa mtu aliyeonja limau, na ukali wake humfanya mtu mzima akumbuke makosa yake. Mbegu yake mama mkwe alikuwa ameitunza tangu ujana. Wengi walimwomba wakapanda, wakaipoteza. Mwaka huo hata chupa yake ya mbegu iliingia ukungu, akasalimika na miche minne tu. Kisha mwanawe wa kwanza akavunjika mguu mji wa mbali, ikabidi bibi afunge mzigo akamuuguze miezi mitatu.

Siku ya kuondoka alizipanga ndoo zile nne mbele ya Hadubini kama anayemkabidhi watoto.

"Mkwe, mbegu nyingine sina. Huu unaouona ndio ukoo mzima, ukifa umekufa. Ningemwachia mwanangu huyu, lakini yeye akishakaa kwenye cherehani hata chungu kikiungua hasikii."

"Mama!" akalalamika mke wa Hadubini, uzi ukiwa mdomoni.

"Nasema uongo? Wewe mkwe ni mtu wa vipimo. Nimeziweka kwenye mikono salama."

Hadubini akainamisha kichwa kwa adabu, na ndani ya moyo akavimba kama andazi. Neno unalolishika mbele ya mkwe halifanani na maneno mengine. Huwezi kulitema baadaye ukasema lilikuwa utani.

Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda vizuri, hasa kwa kuwa hakufanya lolote zaidi ya kumwagilia. Mwezi wa pili majani ya juu yakaanza kujikunja, yakang'aa na kunata kama yamepakwa asali. Hadubini akasimama mbele yake, mikono kiunoni, akatoa hukumu kwa mbali: "Kiu."

Akamwagilia asubuhi, mchana na jioni, kipimo cha vidonge, kutwa mara tatu. Siku ya tisa mche wa kwanza ukawa wa njano, majani yakapukutika yote, na alipoung'oa mizizi ilinuka kama dimbwi. Mche ulikuwa umekufa maji kwenye ndoo, umbali wa hatua nne kutoka kwa mtaalamu.

Akabadilisha ugonjwa. "Njaa," akasema, akaweka mbolea. Ilipokosa kusaidia, akakumbuka kuwa jirani alipita mbele ya nyumba akazisifia pilipili zile mara mbili, tena kwa sauti. Naam, mtu wa sayansi, mwenye cheti ukutani, alizihamisha ndoo kutoka barazani hadi nyuma ya jiko ili zisionwe. Mkewe akauliza kulikoni. Akasema ni suala la mwanga.

"Kwa hiyo leo zinaumwa mwanga," mke akasema, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Jana njaa, juzi kiu. Kesho utaniambia zina presha."

Kila Jumapili mama mkwe alipiga simu. Hakuulizia watu kwanza.

"Wanangu hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Wanakusalimu."

"Wote wanne?"

"Wote, mama," Hadubini alijibu, na kila alipojibu hivyo mkewe alimtazama kwa macho ambayo hayahitaji lenzi kusomeka.

Mara baada ya hotuba ile kwa mpaka rangi, Hadubini alisikia kwamba sabuni huua wadudu wa mimea. Ni kweli, ila inategemea sabuni gani, kiasi gani na saa ngapi. Yeye alichukua sabuni ya unga ya kufulia mashuka, akajaza mkono, akakoroga povu zito, akaumwagia mche wa pili saa sita mchana jua la utosi. Jioni majani yalikuwa makavu kama karatasi ya kufungia karanga. Yalinukia vizuri, lakini yalikuwa yamekufa.

"Angalau umezika maiti safi," mkewe alisema.

Ikabaki miwili.

Hapo ndipo alipomwona adui. Ilikuwa asubuhi, amechuchumaa na kikombe cha chai, akakiona kidudu kinatambaa juu ya jani. Kiumbe kibaya ajabu! Mwili mrefu mweusi wenye madoa ya rangi ya chungwa, miguu sita imetanuka pembeni, mgongo una vinundu kama mamba, mamba aliyepungua hadi kuenea kwenye ukucha. Kilitembea kama chenye kesi na mtu. Hadubini hakuhitaji ushahidi mwingine. Sura ile peke yake ilikuwa kosa la jinai.

Akachukua kibano, na chupa ya jemu aliyoitoboa kifuniko, akaanza msako. Siku tatu, asubuhi na jioni, jani kwa jani. Alikamata thelathini na mmoja. Hakuwaua, kwa sababu alitaka mama mkwe akirudi awakute hai, amwambie, "Mama, hawa ndio walioua wanao wawili." Maiti za miche miwili zingepata wa kusingiziwa, na yeye angebaki shujaa. Kwa kuwa hata mfungwa hula, kila siku aliwatilia jani moja la pilipili lililojikunja.

Mtu wa maabara haachi mazoea, kwa hiyo alifungua daftari akaandika. Siku ya kwanza: "Mateka hawali majani." Siku ya pili: "Majani bado mazima. Mateka wananenepa." Siku ya tatu: "Wananenepa sana. Ni wajanja." Daftari hilo lipo hadi leo. Ukilisoma unatamani uingie ndani ya ukurasa umtikise mabega.

Tena kuna jambo la sisimizi. Walikuwa wakipanda na kushuka kwenye mashina kwa foleni, mchana kutwa, bila kusukumana, na Hadubini aliwapenda. Alidhani wanafanya usafi. "Hawa ndio wafanyakazi," alimwambia mkewe, "si kama wale wa zahanati." Ili kuwatia moyo, kila asubuhi aliwawekea sukari kidogo pembeni mwa ndoo, kama posho.

Lakini majani yakazidi kujikunja. Kadiri alivyokamata mamba wadogo ndivyo miche ilivyozidi kudhoofika. Kisha Jumapili simu ikaita.

"Mkwe, shemeji yako ameanza kukanyaga chini. Nakuja wiki ya tatu kutoka leo. Wanangu hawajambo?"

Hadubini akajibu kuwa hawajambo. Jumatatu alipotoka kazini akaenda moja kwa moja kwenye duka la mbegu na dawa za shamba. Muuzaji alikuwa dada wa makamo, miwani imefungwa uzi shingoni.

"Nipe dawa ya wadudu. Kali."

"Wadudu gani?"

"Wadudu wa pilipili."

"Kuna wanaofyonza, kuna wanaotafuna, kuna wanaotoboa. Wako yupi?"

"Dada, mimi ni mtu wa maabara. Pilipili zangu nazijua mwenyewe."

Muuzaji akavua miwani, ikaning'inia. "Kaka yangu, nikikupa dawa ya huyu wakati wewe una yule, utarudi hapa kunitukana. Kaniletee jani lenye mdudu nimtazame. Hapa hatuuzi kwa kukisia."

Hadubini akatoka amenuna. Alikuwa kwenye ngazi ya pili ya duka aliposimama ghafla, kama mtu aliyeitwa. Pilipili zangu nazijua mwenyewe. Maneno yale alikuwa ameyasikia mahali, na sauti iliyoyasema ilikuwa na kofia yenye madoa meupe. Anasema hata magoti yalianza kumuuma.

Kesho yake wagonjwa walipokwisha mchana, alifunga kidirisha, akatoa mfukoni kikopo cha kupimia choo, kisafi bila shaka, ambamo alikuwa ameweka jani moja la mche wa tatu. Pembeni akaweka chupa ya mateka. Mkono wake ulikataa kuweka kitu chini ya lenzi bila fomu, kwa hiyo akajaza fomu. Jina la mgonjwa: Pilipili wa Tatu. Umri: miezi mitano. Jinsia: akafikiri, akaruka. Dalili: kujikunja, kunata, kukosa raha.

Jani halikukubali kulala juu ya kioo. Lilikuwa limejikunja kuelekea chini, kila akiliweka linabingirika. Mwishowe akaligeuza kifudifudi likatulia. Akachagua lenzi ndogo kuliko zote, akamulika kwa tochi ya simu kutoka juu, akainama.

Mwezi mzima na zaidi, mtu huyu hakuwahi kutazama upande wa chini wa jani.

Kulikuwa na mji mzima. Vidudu vya kijani, vinene, vya umbo la tone la maji, vimebanana bega kwa bega kama watu kwenye foleni yake ya asubuhi. Kila kimoja kilikuwa na vibomba viwili nyuma, mfano wa bomba za moshi za pikipiki, na kila kimoja kilikuwa kimechomeka mdomo ndani ya jani kama mrija kwenye soda. Mmoja alikuwa anajifungua mbele ya macho yake! Hakutaga yai; alizaa mtoto kamili, akitangulia makalio, na mtoto hakukaa hata dakika tano duniani akachomeka mrija wake. Hadubini akachukua kihesabio cha kubonyeza akaanza kuhesabu. Akafika mia mbili, kidole kikachoka, na alikuwa hajamaliza robo ya jani.

Kwenye fomu akaandika: "Wadudu wameonekana. Wengi mno."

Lakini hawa hawakufanana na mateka. Basi wale ni nani? Akafungua chupa, akamtoa mmoja kwa kibano, akamweka kwenye jani. Yule mamba mdogo akatembea hatua tatu, akamkamata wa kijani wa kwanza, akamwinua juu miguu ikirusharusha, akamla. Akafuata wa pili. Akafuata wa tatu. Alikula kama mfungwa aliyetoka leo, na hata jani lenyewe hakuligusa.

"Wananenepa sana," Hadubini akajisomea daftari kwa sauti. "Ni wajanja." Akaweka paji la uso juu ya meza.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mfanya usafi wa zahanati, ambaye kila mtu humwita Shangazi, na fagio mkononi.

"We Hadubini, unalia au unasali?"

"Shangazi, nimewafunga polisi."

"Polisi! Uko na akili? Umewafungia wapi?"

"Kwenye chupa ya jemu."

Shangazi akamtazama, akaitazama chupa, akafunga mlango taratibu akaenda kufagia kwingine.

Jioni ile Hadubini alirudi dukani na jani na chupa. Dada mwenye miwani hakumcheka, au alimcheka kwa tumbo tu. Wale wa kijani, alisema, ni vidukari, wafyonza maji ya majani. Wale mamba ni watoto wa kile kidudu kizuri mviringo, chekundu, chenye madoa meusi, ambacho watoto hukitembeza viganjani. "Wakubwa wazuri, watoto wabaya," alisema. "Hawa ndio dawa yako, kaka. Sina cha kukuuzia. Ila niambie, sisimizi wapo?"

"Wapo," Hadubini akasema kwa sauti ndogo. "Nawalisha sukari."

Hapo ndipo alipochekwa waziwazi.

Alipofika nyumbani akapiga magoti mbele ya ndoo na kioo cha kukuzia. Sisimizi mmoja alimsogelea kidukari, akampapasa mgongo kwa vipembe vyake, kidukari akatoa tone dogo linalong'aa, sisimizi akalinywa. Alikuwa anakamua, kama mtu na ng'ombe wake! Wale hawakuwa wafagiaji bali wafugaji, na kila mamba mdogo aliyethubutu kusogea kwenye zizi walimfukuza kwa kumng'ata. Hadubini alikuwa amemweka fisi kulinda bucha, tena akamwongezea posho.

Usiku mezani mkewe alipomuuliza kulikoni, akajibu, "Nimepata majibu ya vipimo."

"Nani anaumwa?"

"Mimi."

Asubuhi akawaachia mateka bila masharti. Kumi na wawili walikuwa wamekufa kifungoni. Kumi na tisa walitoka, wengine wakiwa wamejibandika kwenye majani na kujikunyata, tayari kugeuka wakubwa. Ndoo mbili akazisimamisha ndani ya mabeseni ya maji juu ya matofali, ili sisimizi wasivuke. Kila siku kabla ya kwenda kazini aligeuza majani moja moja, akawaosha vidukari kwa maji na kidole, akiwaruka polisi. Mkewe aliacha cherehani, akaja kushika tochi.

Mche wa tatu haukungoja. Ulikuwa umefyonzwa mpaka uboho, ukanyauka siku ya sita. Wa nne ukabaki kati ya kufa na kupona, wenye tunda moja la kijani, na ukoo mzima wa mama mkwe ukawa umening'inia kwenye kikonyo kimoja.

Kulikuwa na kishawishi. Sokoni waliuza miche ya pilipili iliyonawiri, na mitatu ingeziba ndoo tatu bila shida.

"Jaribu," mkewe alisema. "Mama huwatambua kwa harufu ya jani. Halafu wewe utamwambia nini, kwamba zimesilimu?"

Mama mkwe akafika siku aliyoahidi. Hakuketi, hata maji hakunywa. Alipitiliza nyuma ya jiko na mkoba wake begani. Hadubini akafuata nyuma, anasalimia mgongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akasimama. Ndoo tatu tupu, zimeoshwa, zimepangwa. Ndoo moja ndani ya beseni.

Hadubini akatoa fomu tatu za maabara. Mama mkwe hakuwa na miwani, ikabidi bintiye asome.

"Mche wa Kwanza. Sababu ya kifo: kuzama majini. Mhusika: mpimaji. Mche wa Pili. Sababu ya kifo: sabuni ya unga, saa sita mchana. Mhusika: yuleyule. Mche wa Tatu. Sababu ya kifo: kuchelewa kwa kipimo. Mhusika: tazama hapo juu. Maelezo ya ziada: kila Jumapili mhusika alidanganya kwa simu."

Mabega ya mama mkwe yakaanza kutetemeka. Hadubini alidhani analia. Kisha kicheko kikamtoka bibi yule, kikamlazimu ageuze ndoo tupu aikalie, na akafuta machozi kwa pindo la nguo.

"Mkwe! Ukoo wangu umeuandikia vyeti!"

Kidudu chekundu chenye madoa meusi kikatua kwenye mkono wake. Akakiangalia kinavyopanda hadi kwenye kidole.

"Hawa kwangu walikuwa wengi. Nilitaka kukwambia usiwaguse watoto wao, sura zao mbaya. Nikasema aah, mtu wa vipimo huyu, nitakuwa namdharau."

Hakuna kipigo kilichowahi kumwingia Hadubini vizuri kama hicho.

Mama mkwe akainuka, akashika jani la mche wa nne, akaligeuza kwa kidole gumba bila hata kufikiri, kama mtu anavyotazama nyuma ya sikio la mtoto aliyeoga mwenyewe. Safi. Akalitazama tunda. "Hili lisiguswe na mtu," akasema, akaahirisha kurudi kwake.

Walilingoja wiki tatu, likawa la njano, likaingia makunyanzi. Mama mkwe akalipasua kwa kisu juu ya karatasi nyeupe, na Hadubini akaruhusiwa kuhesabu kwa kihesabio chake: mbegu thelathini na nane. Bibi akazigawa mafungu mawili. Moja akalifunga kwenye kitambaa chake. La pili akampa bintiye.

"Na mimi, mama?" Hadubini akauliza.

"Wewe, mkwe, shika chupa yako ya jemu. Ukimkamata mtu tena, niite kwanza nimtambue."

Karatasi bado iko dirishani kwenye maabara, na "bila" bado lina mistari miwili. Juzi mpaka rangi alirudi, kofia ileile, anatetemeka.

"Safari hii si mafua. Homa yangu naijua mwenyewe."

Foleni ikajiweka sawa kusubiri hotuba. Hadubini akashusha pumzi.

"Hata mimi pilipili zangu nilizijua," akasema.

"Pilipili zimefanya nini?"

"Nipe kidole."